Mzee Albert Kunyuku na Askari Waliopita Kisangani

Tarehe 8 Juni 2022 watu walikusanyika katika mji wa Kinshasa, mbele ya ukumbusho wa askari wa zamani. Alikuwapo Rais wa nchi. Alikuwapo Mfalme Philippe wa Ubelgiji. Lakini siku ile mtu wa kutazamwa alikuwa mzee mmoja wa miaka 100, jina lake Albert Kunyuku. Mfalme aliweka shada la maua kwa ajili ya waliokufa, kisha akampa yule mzee nishani ya Taji, kwa daraja la Komanda.

Mzee Albert alizaliwa mwaka 1922. Aliingia jeshini mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka 18. Cheo chake kilikuwa kaporali, na alitumwa mbali sana, mpaka Birmania, nchi ya Asia iliyo ng’ambo ya bahari kubwa. Askari wa Kongo waliokwenda vita vile walikuwa maelfu. Siku ile ya Juni yeye peke yake ndiye aliyebaki wa kupewa mkono.

Fanyeni hesabu, watoto. Vita vilikwisha mwaka 1945. Nishani ilikuja mwaka 2022. Ni miaka 77. Mtoto aliyezaliwa siku vita vilipokwisha alikuwa amekwisha kuwa mzee mwenye mvi, na wajukuu wake wanasoma shuleni. Askari wengine wote walikufa kabla ya siku ile, mmoja mmoja, katika vijiji na miji yao, na Kisangani pia.

Kutoka Kinshasa mpaka Kisangani, kwa njia ya mto, ni kilometa 1,700 hivi. Mtu aweza kuuliza: Mambo ya Kinshasa yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa maana mji wetu ulikuwa mlango wa vita. Askari wengi waliokwenda mashariki na kaskazini walipita hapa, na wengi walitoka katika misitu yetu wenyewe.

Jeshi lile la zamani liliitwa Force Publique. Liliundwa wakati wa Mfalme Leopold wa Pili. Tusifiche neno: jeshi hilo halikupendwa na watu. Wakati wa mpira, askari walitumwa vijijini kuwalazimisha watu kuleta mpira wa msituni, na waliokosa walipigwa, walifungwa, wengine waliuawa. Kwa hiyo mama wa zamani alipoona tarbushi nyekundu ya askari inakuja njiani, aliwakamata watoto wake akakimbilia msituni. Na baadaye mwana wake mwenyewe akavishwa tarbushi ile ile.

Maana hivi ndivyo vijana walivyopatikana. Wengine walijitolea. Lakini wengi waliitwa. Serikali ilimwambia chifu: Lete vijana kadha wa kadha wenye nguvu. Chifu akawachagua, na mara nyingi hakuchagua wana wake. Kijana alitumika miaka 7. Aliyeingia na miaka 18 alitoka na miaka 25. Jeshini alijifunza Kilingala, hata kama kwao walisema Kiswahili, au Kilokele, au Kizande, kwa sababu Kilingala kilikuwa lugha ya amri. Akikosa, alipigwa fimbo. Akifanya vizuri, aliweza kuwa kaporali, kisha sajenti. Ofisa hakuweza kuwa. Mpaka mwaka 1960 hakuna Mkongo hata mmoja aliyekuwa ofisa katika jeshi la nchi yake mwenyewe.

Lakini tusidhani kambi ilikuwa mahali pa wanaume peke yao. Askari aliyeoa aliishi kambini pamoja na mke wake na watoto. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake. Asubuhi tarumbeta ililia, baba akaenda kwenye mazoezi, mama akaenda mtoni au shambani, watoto wakacheza vumbini na kuigiza baba zao kwa bunduki za mabua. Watu wengi wa miji ya Kongo walizaliwa katika kambi namna hiyo. Katika vita vya kwanza, vya 1914–1918, wake wa askari walifuata hata safari ya vita. Walitembea nyuma ya majeshi, wakibeba sufuria na watoto, na jioni walipika.

Vita vile vya kwanza tuvipite upesi. Wajerumani walikuwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, Rwanda na Burundi. Vitu vingi vya vita vilipanda mto mpaka Stanleyville, ndilo jina la zamani la Kisangani, vikavuka upande wa Lubunga na kuingia katika gari la moshi. Reli ile ya kilometa 125 mpaka Ponthierville, yaani Ubundu, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1906. Ilijengwa kwa sababu maporomoko ya mto hayapitiki na meli. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora. Wakubwa wa Ulaya walifurahi, na mji ule ukatajwa katika nyimbo za askari kwa miaka mingi. Wapagazi hawakutajwa katika nyimbo. Nao walikuwa 260,000 hivi. Hawakuwa na bunduki wala viatu, na walikufa kwa njaa, baridi ya milimani na kuhara damu.

Sasa tuje kwenye vita vya Mzee Albert.

Mwezi wa Mei 1940 Ubelgiji ilishindwa na Wajerumani kwa siku 18. Mfalme alikamatwa, mawaziri wakakimbilia Ulaya nyingine, mwishowe London. Kongo ikabaki peke yake, na nchi iliyotawaliwa ikawa sasa inamsaidia mtawala wake. Waitalia, rafiki za Wajerumani, walikuwa wameshika Ethiopia, ambayo wazee waliiita Uhabeshi. Ikaamriwa askari wa Kongo waende kuwasaidia Waingereza kuwaondoa.

Tazameni ramani. Kutoka Kongo mpaka Ethiopia hakuna mto mmoja unaofika wala reli moja. Askari wengine walikwenda kwa meli mpaka Aketi, wakapanda gari la moshi mpaka Mungbere, wakaendelea kwa kamyo. Wengine waliondoka Stanleyville kwa kamyo, siku baada ya siku katika msitu, mpaka miti ikaanza kuwa mifupi na majani kuwa marefu, wakafika Juba katika Sudani. Kutoka hapo walishuka mto Nili kwa meli. Kijana wa msituni, aliyezoea kuona mbingu kama kipande kati ya majani, aliona hapo nchi tambarare isiyo na mti, na jua kutoka asubuhi mpaka jioni.

Tarehe 11 Machi 1941 walikamata Asosa. Mwezi ule ule walikamata Gambela. Halafu yakaja majaribu. Mbele yao palikuwa na mlima, na juu yake mji wa Saio, ambao siku hizi unaitwa Dembidolo. Waitalia walikuwa juu, wengi kuliko wao, na mizinga. Wakongo walikuwa chini. Posho ilitoka mbali sana, na mvua ilipoanza barabara ziligeuka matope, kamyo zikakwama. Chakula kikapungua. Mtu alipewa leo nusu ya posho, kesho chini ya nusu. Ugonjwa wa kuvimba miguu, unaokuja kwa kukosa chakula kizuri, uliwashika wengi. Wengine walihara damu. Katika vita vile waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Watu husahau jambo hili, kwa sababu mchoraji wa picha za vita hachori mtu anayekufa kwa kuhara.

Waliendelea kukaa pale chini ya mlima, miezi ya Aprili, Mei na Juni. Tarehe 3 Julai 1941 wakapanda. Mapigano yalianza alfajiri. Mchana Waitalia walituma wajumbe wenye bendera nyeupe. Jenerali Gazzera akajitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert pamoja na majenerali wengine 8 na maelfu ya askari. Askari waliokwisha kukonda wakawa wanawalinda mateka walioshiba kuliko wao.

Baada ya Saio safari hazikwisha. Katika mwaka 1942 na 1943 maelfu ya askari wa Kongo walipelekwa Nijeria. Wengine walivuka kutoka huko kwa kamyo, wakipita nchi ya mchanga na jua kali, mpaka Misri. Walilinda maghala, reli na mateka huko Misri na Palestina. Mwana wa katekista, aliyejifunza majina ya Yeruzalemu na Betlehemu katika kitabu, alikuta ni mahali pa mawe na vumbi ambapo mtu aweza kupata homa ya tumbo.

Tena Kongo ilituma hospitali ya vita. Hii si habari ndogo. Watu wake walikuwa Wakongo 350 hivi na Wabelgiji 20 hivi. Walikwenda Somalia, wakaenda Madagaska, mwishowe Birmania, ambako Wajapani walikuwa wakipigana na Waingereza. Wauguzi wa Kongo walifunga vidonda, walibeba machela katika matope, walipasua mahema kwa upepo na kuyasimamisha tena. Majeruhi walitoka mataifa mengi. Katika misitu ile ya Birmania walikuwapo pia askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, na lugha yao ya jeshi ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo katika mwaka 1944, katika bonde lenye malaria upande mwingine wa dunia, mtu aliweza kusikia katika giza sauti inayosema: Ndugu, niletee maji.

Na nyumbani?

Nyumbani pia vita vilikula watu. Waingereza na Wamarekani walihitaji mpira, bati, shaba na mafuta ya mawese. Mwaka 1942 serikali iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Hebu fikirini: siku 120 ni miezi minne. Katika misitu yetu watu walirudishwa tena kutafuta mpira wa msituni, kazi ambayo babu zao waliikumbuka kwa machozi. Mume yuko Misri, ndugu wa mume yuko msituni na kisu cha mpira, na mama yuko peke yake na shamba la mihogo, watoto, na baba mkwe aliye mgonjwa. Barua ilikuja mara chache. Mke asiyejua kusoma alipaswa kumpelekea karani au padri, na maneno ya mumewe akayasikia kwa kinywa cha mtu mwingine, mbele za watu. Kuna mambo ambayo mume hakuyaandika kwa sababu hiyo.

Wanawake wale hawakupewa nishani yoyote. Waliporudi wanaume, walikuta nyumba ipo na watoto wamekua. Nani alifanya hivyo?

Kurudi kwenyewe kulikuwa na ugumu wake. Mtu ameona Kairo, ameona Wazungu wakipigana na Wazungu na kulia kama watu wote. Amelinda majenerali waliokamatwa. Sasa amerudi, na karani wa ofisi anamwita kama mtoto. Katika mji anaambiwa mtaa huu ni wa Wazungu, usiku usipite. Dukani anangoja dirishani. Wengine walikasirika, na hasira ile haikupotea. Ilingoja mpaka mwaka 1960. Wengi lakini walinyamaza wakatafuta kazi. Aliyejifunza kuendesha kamyo akawa dereva. Aliyekuwa mwuguzi aliingia zahanati. Asiyejua kazi nyingine akawa zamu, akalinda usiku duka la mtu mwingine kwa fimbo, yeye aliyelinda jeshi zima kwa bunduki. Malipo ya uzee yalikuwa madogo, na askari wa zamani waliyalalamikia miaka mingi.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Mzee Albert alipofika miaka 100, vita vilikuwa vimechukua miaka 5 tu ya maisha yake. Nishani inasema habari ya miaka ile 5. Miaka ile mingine 95 haina nishani. Ni miaka ya kuamka asubuhi, kutafuta chakula, kulipa ada ya shule, kukaa usiku karibu na mtoto mwenye homa, kupatanisha ndugu waliogombana kwa ajili ya lupango, kuzika rafiki. Mtu aliyepanda mlima wa Saio siku moja alisifiwa. Mtu aliyerudi jioni na samaki mmoja, akampa mke kichwa, watoto wakala mwili, naye akasema ameshiba, huyo hakuna aliyemwandika. Mara nyingi walikuwa mtu yule yule.

Askari wazee walikuwa na tabia zao, na wajukuu wao walizijua. Kitanda kilitandikwa sawasawa kama cha kambini. Viatu viliwekwa mguu kwa mguu mlangoni. Saa ya kula ilikuwa saa ya kula. Mjukuu aliyechelewa alikuta sufuria imefunikwa, na hakuna wa kumfunulia mpaka babu aseme neno. Wengine walisimulia vita kila jioni mpaka watoto wakachoka. Wengine hawakusema neno hata moja, na ilikuwa ni baada ya maziko tu ndipo watoto walipofungua sanduku la bati na kukuta mkanda wa kijeshi, karatasi yenye muhuri, na picha ya kijana wasiyemjua amesimama mbele ya ngamia. Nani atawaambia sasa ni wapi, ni lini, na yule mwenzake aliyesimama kando ni nani? Wa kuulizwa amekwisha kwenda.

Kuna kitabu kimoja cha upande wetu kinachoonyesha jinsi ya kuzuia hasara hiyo. Zamani, katika nchi ya mto Aruwimi, aliishi mtu aliyeitwa Disasi Makulo. Hakuwa askari. Alipokuwa mtoto alikamatwa na watu wa Tippu Tip waliokuwa wakiwinda watumwa, na mwaka 1883 Stanley akamkomboa. Alikua, akawa katekista wa Waprotestanti pamoja na mmisionari Grenfell, akaoa, akazaa, akazeeka, akafa mwaka 1941. Angekuwa amesahauliwa kama maelfu ya watoto wengine waliokamatwa wakati ule. Lakini mzee alisimulia maisha yake, na mwana wake, Makulo Akambu, aliandika. Mwaka 1983 yakapigwa chapa Kinshasa. Wataalamu wa Ulaya na Amerika husoma leo kitabu hicho ili kujua habari za Kisangani ya zamani, kwa sababu baba alisema na mwana alikuwa na kalamu.

Askari wa 1940 hatutawauliza tena hapa mjini. Lakini Kisangani haikukosa vita vingine. Wako wazee waliokuwa watoto mwaka 1964, wakati wa Wasimba, wanaokumbuka ndege zilizoshusha askari wa miavuli asubuhi ya tarehe 24 Novemba. Wako wengi zaidi wanaokumbuka siku 6 za Juni 2000, tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya nyumba zetu, katika Tshopo, Makiso na Mangobo, mizinga ikilia usiku na mchana. Mama aliyelaza watoto wake sakafuni na kujilaza juu yao anaweza kuwa ndiye yule anayewauzia lituma karibu na shule. Hana nishani, wala hakuna mfalme aliyempa mkono. Ukimwuliza kwa adabu, wakati hana kazi nyingi, labda atasema. Labda atasema kidogo tu, kisha atakutuma ulete maji, na siku nyingine ataendelea.

MASWALI

1. Mzee Albert Kunyuku aliingia jeshini akiwa na miaka mingapi? Alipewa nishani akiwa na miaka mingapi?

2. Onyesha katika ramani njia mbili ambazo askari walifuata mpaka Juba. Kwa nini hawakuweza kwenda kwa meli tangu mwanzo mpaka mwisho?

3. Chini ya mlima wa Saio, ni nini kilichoua askari wengi kuliko risasi?

4. Mke wa askari alifanya kazi gani mume wake alipokuwa mbali? Andika sentensi tano.

5. Nenda kwa mzee mmoja wa nyumbani kwenu au wa lupango ya jirani. Mpe salamu kwanza. Mwulize alizaliwa wapi, na alikuwa wapi mwezi wa Juni mwaka 2000. Andika majibu yake katika daftari kama alivyoyasema yeye, bila kuyatengeneza, na uandike pia tarehe ya siku uliyomwuliza.